Habari za Nyumba na Miti katika Bara ya Mombasa



Katika kitabu hiki cha kila mwaka mmezoea kusoma hesabu ya fedha za chama na habari za wenzetu waliotangulia mbele ya haki. Safari hii twaomba nafasi ndogo tuandike juu ya mahali tukaapo, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe. Wageni hutuuliza kwa nini watu wa kipato kidogo hupenda kukaa bara na kuvuka kila alfajiri kwenda kazini kisiwani. Jawabu letu ni fupi: kodi ni nafuu, na kivuli kipo. Lakini vijana wetu wengi hawajui mambo hayo mawili yalitoka wapi, na asiyejua asili ya kitu hawezi kukilinda.

Miembe na minazi mikubwa ya bara haikuota yenyewe. Mingi ni mabaki ya mashamba ya zamani, na wengi waliolima mashamba hayo walikuwa watumwa. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907. Mwaka uliofuata ikatoka Sheria ya Hati za Ardhi, iliyomtaka kila mwenye kudai ardhi ya pwani alete dai lake, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali. Wenye maandishi na mashahidi wa kusikilizwa walipata hati. Waliokuwa watumwa, na wengi wa ndugu zetu Wamijikenda ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na haikuandikwa popote, walitoka mikono mitupu.

Desturi ya pwani tangu kale ni kwamba ardhi yaweza kuwa na mwenyewe, na mti juu yake ukawa na mwenyewe mwingine. Kwa hiyo wenye hati waliwaruhusu wakaaji kulima mahindi na muhogo, lakini mara nyingi waliwakataza kupanda mnazi au mwembe. Mahindi huvunwa yakaisha. Mti hubaki ukawa shahidi. Nyumba nayo ilifuata njia hiyo hiyo. Mtu alilipa kodi ya kiwanja, akajenga nyumba ya boriti, fito na udongo, akaezeka makuti. Ilikuwa na ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma na baraza mbele. Yeye na watu wake walikaa chumba kimoja au viwili, vingine akapangisha. Kujenga kwa mawe hakuruhusiwa, maana nyumba ya mawe, kama mnazi, haing'oki upesi.

Huo ndio uliokuwa msingi wa unafuu wetu. Aliyejenga hakununua ardhi, na mpangaji hakutozwa bei yake. Wafanyakazi wa bandari ya Kilindini na wa reli walihitaji sana vyumba hivyo. Mgomo wa mwaka 1939 ulipochunguzwa, ubaya wa makazi ulionekana kuwa miongoni mwa sababu zake. Na Januari 1947 maelfu ya wafanyakazi waligoma tena. Katika miaka iliyofuata Manispaa ilijenga nyumba za kupangisha, nyingine huko Changamwe, lakini hazikutosha. Wengi waliendelea kuishi katika nyumba zilizojengwa na watu wenyewe.

Lakini unafuu huo ulikuwa na deni lake. Mwenye nyumba angeweza kuambiwa ang'oe boriti zake aondoke. Mapatano ya mwaka 1963 kati ya Serikali za Kenya na Zanzibar juu ya ukanda wa pwani yaliahidi kwamba hati za ardhi zilizokwisha kuandikwa zitaendelea kutambuliwa. Kwa hiyo Uhuru ulipofika, nyumba iliendelea kuwa ya huyu na ardhi ya yule. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 viwanja vilipimwa Mikindani, na mtaa wa Chaani ukatengenezwa, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mwaka 2016 wakaaji wa shamba la Waitiki huko Likoni, lenye ekari zaidi ya 900, walianza kupewa hati baada ya Serikali kulinunua. Hayo ni mambo ya kushukuru.

Hata hivyo, wazee wetu, tumeona jambo la kusikitisha. Mtu akipata hati, mara nyingi kazi yake ya kwanza ni kukata mwembe ili ajaze vyumba vya mawe mpaka ukutani kwa jirani. Babu yake alikatazwa kupanda mti kwa sababu hakuwa na ardhi. Mjukuu amepata ardhi, naye aukata. Uani unakwisha, joto linazidi, na watoto hawana pa kuchezea.

Wala tusiseme kwamba mti ukisha kukatwa basi. Huko Bamburi, upande wa Kisauni, kiwanda cha saruji kilichimba mawe tangu mwaka 1954 kikaacha mashimo matupu ya jiwe jeupe. Mwaka 1971 Bwana René Haller alianza kupanda humo mivinje, na leo pana msitu. Ikiwa jiwe tupu limekubali mti, udongo wa Likoni utakataa?

Basi twawaomba wanachama wenye hati wapime nyumba zao kwa namna ya kuacha uani, na kila akataye mti apande mwingine. Kodi iwe ya kiasi, ili mfanyakazi wa leo apate chumba kama baba zetu walivyopata. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Waliochuma juani kwa ajili yetu wengi wao hawakukaa katika kivuli hicho. Tusikiuze kwa bei ya chumba kimoja.