Mario Aliyepunguzwa

Stima zilipopotea Jumapili iliyopita, nilikuwa nimebaki na simu yenye chaji ya asilimia 30 na gemu moja: Super Mario Land ya 1989. Ndugu yangu mdogo akachungulia kioo changu kilichopasuka, akacheka. "Bro, hii Mario haina rangi. Ni feki?"

Si feki. Ila naelewa kwa nini aliuliza.

Mario tunayemjua wengi ni yule wa Super Mario Bros. ya 1985, wa kuchezwa kwa TV: hatua 32, kuruka mashimo, kukanyaga kobe, kuokoa binti mfalme. Huyu wa 1989 alitengenezewa Game Boy, mashine ya mkononi iliyotoka Japani tarehe 21 Aprili mwaka huo. Kioo chake hakikufika sentimita 5 kwa upana. Kilikuwa na vivuli vinne tu, vya rangi kama ya supu ya ndengu.

Aliyesimamia mashine hiyo ni Gunpei Yokoi. Aliajiriwa Nintendo mwaka 1965, enzi kampuni ikiuza karata, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kutunza mitambo ya kiwandani. Baadaye akawa na msemo wake: chukua teknolojia iliyokwisha kunyauka, iliyo rahisi na inayoeleweka, uitumie kwa njia mpya. Mwaka huo huo wa 1989 Atari walitoa Lynx, yenye rangi na mwanga. Ilikula betri sita kwa saa chache. Game Boy ilitumia nne, na ikapita saa kumi. Unajua nani alishinda.

Sasa, Mario angeingiaje humo? Shigeru Miyamoto, aliyembuni, hakuhusika. Kazi ilibaki kwa kikosi cha Yokoi, ikiongozwa na Satoru Okada. Hawakujaribu kubana gemu kubwa ndani ya kadogo. Walikata hatua zikabaki 12. Mario wakamfanya mdogo kama siafu ili uone kinachokuja mbele. Kobe ukimkanyaga, gamba linalipuka. Badala ya moto, Mario anarusha mpira unaodunda. Mwisho wa safari hakuna kasri, kuna ndege ya vita. Muziki ni wa Hirokazu Tanaka, na hadi leo hautoki kichwani.

Hata falme zake ni ngeni: Birabuto, Muda, Easton, Chai. Mswahili lazima acheke. Nilipoteza maisha matatu kwa Muda kabla nifike Chai.

Siisifu bure. Mario wake anasimama ghafla kama matatu iliyoona polisi, na ukiizoea utaimaliza chini ya saa moja. Lakini iliuza zaidi ya nakala milioni 18.

Mwaka 1999 Nintendo walijaribu njia ile nyingine. Super Mario Bros. Deluxe, ya Game Boy Color, ilileta gemu ya 1985 karibu nzima, na Mario wa ukubwa ule ule. Ilipendwa sana, tena ina rangi. Shida ni kwamba kioo cha TV kilikuwa cha pikseli 256 kwa 240, na hiki ni 160 kwa 144. Kwa hivyo unaona kipande tu cha dunia. Mara nyingi unaruka bila kujua utatua wapi.

Hapo ndipo nilijiona. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipokataa kabisa. Kwa miezi minane niliendelea kuishi kama mwanafunzi ndani ya chumba kimoja: ratiba ile ile, marafiki wale wale, mipango ya watu wenye digrii. Niliruka sana. Nilitua kwa mashimo.

Siku hizi naandika makala mbili kwa wiki na kulipa kodi, mara nyingine nikichelewa. Mamangu bado huwaambia majirani kwamba nitarudi chuo. Huenda nikarudi. Sijamkatalia.

Chaji ilipofika asilimia 9, ndugu yangu alinyoosha mkono. "Niletee nijaribu hiyo feki." Alikufa hatua ya kwanza, mara nne mfululizo. Stima ziliporudi, hakuinua hata macho.