Neno "tribe" lilivyonila maksi

Najua nimepotea wiki mbili, majaribio yametubana kweli kweli. Leo nipo kimbwetani, jua linazama, na esei yangu ya historia iko mbele yangu imejaa wino mwekundu.

Niliandika kwa kujiamini kabisa kwamba "the Chagga tribe" ilipigana na Wajerumani. Mhadhiri kazungushia neno "tribe", pembeni kaandika: "Wepi hao?" Basi, maksi tatu zikaenda.

Nilikasirika jamani. Mi mwenyewe Mchagga, nani wa kunifundisha? Nikamfuata ofisini. Hakubishana, aliniuliza tu: "Bibi yako alikuwa anajiita nani?" Nikakaa kimya. Bibi alijiita Mkibosho. Watu wa Machame, majirani kabisa, kwake walikuwa watu wengine, na Warombo ndo usiseme, hata lugha yao alisema haisikii.

Nikaenda maktaba kulichimba hilo neno. Kumbe limetoka kwenye Kilatini, "tribus", mafungu ya raia wa Roma ya kale. Baadaye yalifika 35, na raia walipiga kura kwa mafungu hayo. Kwenye Kiingereza likaingia zamani kwa ajili ya makabila 12 ya Israeli katika Biblia. Hakuna tusi hapo. Tatizo lilianza Wazungu walipolitumia kwa watu waliowaona wako nyuma, wakiamini kila Mwafrika ana "tribe" moja, chifu mmoja na mila moja tangu enzi na enzi.

Kwetu Tanganyika likawa mfumo wa serikali. Gavana Donald Cameron alifika mwaka 1925, na 1926 ikatoka sheria ya kuwatawala watu kupitia machifu wao. Sasa pasipo na chifu mmoja? Kilimanjaro ilikuwa na mamangi wengi, kila mmoja na nchi yake. Mangi Mkuu wa Wachagga wote, Thomas Marealle, alitawazwa mwaka 1952 tu! Yaani hiyo "tribe" yenye kiongozi mmoja ni mdogo kwa umri kuliko bibi yangu. Na mwaka 1963 serikali huru ikafuta uchifu.

Turudi kwenye sentensi yangu. Mwaka 1891 Wajerumani walimpiga Mangi Sina wa Kibosho. Nani aliwasaidia? Watu wa Mangi Rindi wa Moshi! Mwaka uliofuata Meli, mtoto wa Rindi, naye akawageukia Wajerumani na kuwashinda. Mwaka 1900 wakamnyonga pamoja na viongozi wengine. Ukisema "the Chagga tribe" ilipigana, umefuta yote hayo: nani alisaliti, nani alilipa kisasi, nani alikufa.

Kwa hiyo mwanangu, ukiandika esei, shika haya. "Tribe" ni sawa ukizungumzia Roma, Israeli, au ukinukuu karatasi za mkoloni. Kwingine andika "people", "ethnic group", au jina lenyewe tu: "the Chagga", "the Sukuma". Jiulize pia kama ungeandika hivyo kuhusu Wazungu. Iceland haifiki watu laki nne, nao wanaitwa taifa. Wasukuma ni mamilioni, nao "tribe". Kwa kipimo gani?

Neno letu "kabila" mimi silifukuzi. Tunaulizana kabila, tunataniana, maisha yanaendelea. Ila "kabila" likivuka kwenda Kiingereza na kugeuka "tribe", linabeba mzigo ambao sisi hatukuufunga.

Nimeandika upya sentensi yangu: mwaka 1891 watu wa Rindi wa Moshi waliwasaidia Wajerumani kumpiga Sina wa Kibosho. Imekuwa ndefu, na inauma kidogo, maana mi wa Kibosho na jamaa ninayelala naye chumba kimoja kwao ni Old Moshi. Nimemsomea usiku huu huu. Kacheka mpaka kakaa chini, halafu kasema: "Basi chai ya kesho juu yangu, deni la 1891 liishe."

Nimekubali, lakini na chapati mbili. Haya, giza limeingia na mbu wameanza kazi. Usiku mwema.