Moshi wa Kwanza Boyoma: Ni Nani Aliyeulisha Mvuke?

Wasikilizaji wetu wa Kisangani, na ninyi ndugu mliovuka mto kutoka upande wa Lubunga tangu mwaka 2023 mkikimbia mgogoro wa ardhi, leo tunazungumzia mashine. Mashine ya mvuke ndiyo iliyowaleta Bula Matari hapa, na reli yake inapita kando ya vijiji mlivyoviacha.

Kwanza tuelewe inavyofanya kazi. Mama akipika makemba na kufunika sufuria, maji yakichemka kifuniko kinarukaruka. Maji yakigeuka mvuke yanataka nafasi kubwa zaidi ya mara 1,000. Basi fundi anaufungia mvuke huo ndani ya tangi la chuma na kuuachia njia moja tu, bomba liendalo kwenye silinda. Humo unasukuma pistoni mbele na nyuma, na mkono wa chuma unageuza mwendo huo kuwa mzunguko wa gurudumu. Tangi likiwa dhaifu, au tundu la usalama likiziba, linapasuka na kuua watu. Kwa hiyo mashine ya mvuke ni lazima ijaribiwe kabla ya kutumiwa.

Meli iitwayo Peace ilijaribiwa hivyo kwenye mto Thames, London, mwaka 1882. Kiwanda cha Thornycroft kiliijenga kwa ajili ya mmisionari Mbaptisti George Grenfell, urefu wake mita 21 hivi. Ilipomaliza majaribio, ikavunjwa vipande vipande: mizigo 800 hivi, kila mmoja karibu kilo 30, yaani mzigo wa kichwa cha mtu mmoja. Sababu ni kwamba kati ya Matadi na mahali palipo Kinshasa leo mto una maporomoko, meli haipiti, na treni ya huko ilikuwa haijajengwa. Ilifunguliwa mwaka 1898 tu. Wapagazi wakaibeba meli nzima kwa miguu, wakipanda na kushuka milima. Mafundi waliotumwa kutoka Uingereza kuja kuiunganisha wakafa. Grenfell akaiunganisha mwenyewe pamoja na wafanyakazi Waafrika, msumari kwa msumari. Mwaka 1884 moto ukawashwa, mvuke ukapanda, na meli ikaenda. Mwishoni mwa mwaka huo ikafika hapa kwetu, chini ya maporomoko.

Mimi naona lile la Thames lilikuwa jaribio dogo. Kule kulikuwa na kiwanda nyuma, kulikuwa na mafundi wa kuitwa.

Peace haikuwa ya kwanza kufika. Mwanzoni mwa Desemba 1883 Stanley alikuja na meli tatu ndogo za mvuke: En Avant, Royal na A.I.A. Alipogeuka kurudi, alimwacha kisiwani Mskoti aitwaye Binnie aangalie kituo kipya. Binnie alikuwa fundi wa mashine. Basi mkuu wa kwanza wa kile kilichokuja kuitwa Stanleyville hakuwa mwanajeshi wala hakimu, alikuwa mtu wa kukaza nati. Wengi hawalijui hilo hata hapa mjini.

Na meli hizo zilikula kuni bila kushiba. Jioni zikitia nanga, watu walishuka na mashoka kukata miti ya safari ya kesho. Baadaye vikawekwa vituo vya kuni kandokando ya mto, na ni wanavijiji waliotakiwa kuvijaza. Mwaka 1890 Joseph Conrad, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri, alipanda hadi hapa kwa meli Roi des Belges, karibu mwezi mzima wa safari. Jina lake liko vitabuni. Aliyesimama mbele ya tanuru la meli hiyo akitupa kuni mwezi mzima, jina lake haliko.

Juu ya hapa mvuke ulikwama tena. Wagenya wanayajua maporomoko saba ya Boyoma kuliko mtu yeyote, na mtumbwi wao ulithubutu pale ambapo meli haikuthubutu. Mwaka 1902 ikaundwa kampuni ya reli ya CFL, na mwaka uliofuata msitu wa ng'ambo ya kushoto ukaanza kukatwa. Kila kipande cha chuma kilipanda mto kwa meli zile zile za kuni. Tarehe 1 Septemba 1906 njia ikafunguliwa hadi Ponthierville, Ubundu ya leo, kilometa 125. Waliochimba udongo na kulaza reli, wengi wao hawakuja kwa hiari.

Njia hiyo imeona mengi baada ya mvuke kwisha. Mwaka 1997 wakimbizi Wanyarwanda walipiga kambi Kasese, kilometa 25, na Biaro, kilometa 41. Tarehe 4 Mei zaidi ya watu 90 walikufa ndani ya mabehewa yaliyojazwa kupita kiasi wakiletwa Kisangani.

Sasa ombi kwenu mlio katika kambi na majumba ya jamaa. Kama babu yako alitia kuni kwenye treni ya Ubundu, au alikuwa fundi, au alikata msitu wa njia ile, tuleteeni jina lake, kijiji chake na kilometa yake. Kitabu chake cha kazi kama kiliungua mlipokimbia, si kitu. Jina na kilometa vinatosha, tutavisoma hewani.