Bei na Mzigo: Somo la Karafuu za Forodhani

Wafanyabiashara wa masoko ya fedha hufundishwa wasiiamini bei peke yake, bali waitazame pamoja na wingi wa mali inayouzwa. Unguja ililijua somo hili kwa gharama kubwa tangu karne ya 19, na daftari lake lilikuwa Forodhani. Pale ndipo mizigo ilipopimwa kwa frasila na kutozwa ushuru, ambao Sultani aliukodisha kwa mfanyabiashara; katika enzi ya Seyyid Said mkodi mashuhuri alikuwa Jairam Shivji. Hoja yangu ni kwamba aliyeuona mzigo pamoja na bei alilielewa soko, na aliyeambiwa bei tu alibaki kubahatisha.

Mkarafuu ulipoletwa kutoka visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi, karafuu ilikuwa ghali, kwa kuwa Waholanzi walikuwa wameubana kwa muda mrefu uzalishaji wa Maluku. Wenye ardhi waliifuata bei hiyo wakapanda kwa pupa. Lakini mkarafuu huchukua miaka sita au zaidi kuanza kuzaa, hivyo waliopanda pamoja walivuna pamoja, na katika miaka ya 1840 bei iliporomoka. Bei iliwaeleza uhaba wa jana. Miche iliyokuwa ardhini ndiyo iliyobeba habari ya kesho. Aprili 1872 kimbunga kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika kwa kiasi kikubwa. Bei ikapanda, ila kwa mwenye shamba wa Unguja kupanda huko kulikuwa tangazo la msiba: mzigo wa kuuza hana. Faida ikaenda Pemba, iliyoendelea kuwa ngome ya zao hili.

Atakayepinga atasema kimbunga hakisomeki daftarini. Ni kweli hakikutabirika, lakini maana yake ilisomeka kwa aliyejua kisiwa kipi bado kina miti. Pingamizi zito zaidi ni la deni: mwenye shamba aliyeliweka rehani asingeweza kungoja bei nzuri hata angejua mzigo wote uliopo. Nalikubali hilo kwa siku ya kuuza, ila silikubali kwa siku ya kukopa na kupanda, kwani madeni mengi yalianzia pale mtu alipohesabu mavuno yake kwa bei ya leo na kusahau mavuno ya jirani.

Wengine watasema mambo hayo yaliisha Serikali ilipojitwalia ununuzi wote kupitia Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar. Sivyo. Bei ya mkulima ilipowekwa chini mno, karafuu zilivushwa kwa magendo hadi Mombasa, na upungufu wa magunia vituoni ukasema wazi kuliko malalamiko yoyote. Indonesia nayo, mnunuzi mkubwa wa karafuu zetu kwa ajili ya sigara za kretek, ilikuwa ikipanda miti yake. Ilipojitosheleza katika miaka ya 1980, bei ikaanguka na kuiumiza hazina ya visiwa. Kwa hiyo mkulima anayetangaziwa bei bila kuelezwa mzigo ulioko ghalani na miche iliyoko kwa washindani amepewa nusu ya habari, na haki yake ni kupewa yote.