Moshi wa jikoni na kifua cha mtoto

Ukipika maharage kwa mafiga, chungu kinaweza kukaa motoni saa mbili au tatu. Mara nyingi mtoto yuko mgongoni kwako au anacheza mlangoni. Moshi unaouvuta wewe ndio anaouvuta na yeye, ila mapafu yake ni machanga na anapumua haraka kuliko wewe.

Moshi unafanya nini mwilini?

Moshi wa kuni una chembe ndogo sana zinazopita puani na kooni hadi ndani kabisa ya mapafu. Huko zinadhoofisha kinga, na vijidudu vya nimonia vinapata nafasi. Shirika la Afya Duniani linasema hatari ya nimonia kwa mtoto wa chini ya miaka 5 anayeishi kwenye moshi huo ni karibu mara mbili. Mwaka 2020 moshi wa majumbani ulihusishwa na vifo milioni 3.2 duniani, na zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa umri huo. Mjamzito anayevuta moshi kila siku anaweza kujifungua mtoto mwenye uzito mdogo. Bibi aliyepika kwa kuni miaka yote yuko kwenye hatari ya mtoto wa jicho na kikohozi cha kudumu. (Lakini kikohozi cha wiki 2 au zaidi usikisingizie moshi, nenda ukapime kifua kikuu.)

Jiko la mkaa chumbani

Karagwe na Kyerwa usiku ni baridi, na mama akishajifungua wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani ili mtoto apate joto. Tafadhali usifanye hivyo, hata kama mama mkwe anasisitiza. Mkaa uliokolea hauonyeshi moshi, lakini unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haionekani wala hainuki. Gesi hiyo inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Mtu anaumwa kichwa, anapata kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi mzito, na nyumba nzima inaweza isiamke. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi. Mtoto mchanga, hata njiti, apate joto kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, amevaa kofia na soksi, mmefunikwa blanketi pamoja. Ukichoka, baba au bibi ampokee kwa namna hiyohiyo.

Anza na yasiyohitaji hela

Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale, kisha pika ukiwa umefunika. Yataiva mapema na kuni zitapungua. Pasua kuni na uzianike zikauke kabisa, maana kuni mbichi ndizo zenye moshi mwingi. Pikia nje au kwenye banda lililo wazi, na kama jiko liko ndani, acha nafasi kati ya ukuta na paa moshi utoke. Mtoto abaki na mtu mwingine mbali na moto. Utamwepusha na kuungua pia.

Majiko bora, biogesi na mitungi

Karagwe shirika la CHEMA limefanya kazi na wahandisi wa Ujerumani kwenye majiko yanayotumia vumbi la mbao. Vumbi linapashwa moto kwa hewa kidogo, linatoa gesi, na gesi hiyo ndiyo inayowaka juu, hivyo moshi ni mdogo. MAVUNO nao wamejaribu biogesi inayotokana na migomba iliyokwisha kukatwa ndizi, kitu ambacho huku hakikosekani.

Biogesi iliyozoeleka ni ya mavi ya ng'ombe. Mavi na maji, kiasi sawa, vinaingia kwenye mtambo usiopitisha hewa, bakteria wanavichachua, na gesi inakwenda jikoni kwa bomba. Tope linalotoka ni mbolea nzuri ya migomba. Unahitaji angalau ng'ombe wawili wanaofugwa bandani na maji ya karibu. Kama maji ni ya kupanda mlima, kubalianeni kwanza nyumbani nani atayachota kila siku, la sivyo mzigo utakuwa wako na wa mabinti. Bila ng'ombe au maji, usikopee mtambo.

Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia, 2024 hadi 2034, unalenga asilimia 80 ya Watanzania. Kujaza mtungi bado ni ghali kwa wengi, kwa hiyo gesi iwe ya uji na chai, maharage yapikiwe nje. Ukisikia harufu ya gesi, funga mtungi, fungua milango, usiwashe taa wala kiberiti.

Wakati wa kukimbilia zahanati

Mtoto akikohoa, mhesabie pumzi dakika nzima akiwa ametulia. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 12, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni dalili ya hatari. Nenda siku hiyohiyo. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akilegea au akipata degedege, usisubiri kupambazuke.