Jina na Mwenye Jina

Ukikusudia kutunga hadithi, usiharakishe kuwapa majina watu wako. Historia ya Turkana ina mafunzo. Mwaka 1888 Teleki, msafiri wa Hungaria, alilifikia ziwa kubwa lililo mashariki ya Lodwar, akaliita Rudolf, kwa heshima ya mwana wa mfalme wa Austria. Wenyeji walionywesha mifugo ukingoni hawakuulizwa. Jina hilo halikueleza maji wala watu wake, lakini lilidumu katika ramani hata mwaka 1975, ziwa lilipoitwa Turkana.

Basi wewe usiwatendee watu wako hivyo. Mwanamume wa Lodwar aliyezaliwa mvua ikinyesha, mwite Lokiru, mwanamke, Nakiru. Jina lenyewe litasimulia furaha ya nchi kame. Tena ukiandika habari za Kakuma, palipofunguliwa kambi mwaka 1992, usimwite mtoto aliyekimbia vita vya Sudani “mkimbizi” tu. Hilo ni neno la msiba wake. Jina alipewa na wazazi wake kabla ya msiba: litafute kwanza, ndipo ueleze sura yake, mwendo wake na sauti yake.