Singe: Chuma na neno, vyote vina chapa

UKIOKOTA kisu kirefu chenye kutu shambani Vanga, Gazi au Msambweni, usikimbilie kusema ni upanga wa Mjerumani. Huenda si upanga, wala si wa Mjerumani. Kisu kinachochomekwa kwenye mdomo wa bunduki huitwa singe. Mara nyingi utakitambua kwa pete iliyo penye kikingio cha mkono, na mfuo wa kukifungia mwishoni mwa mpini.

Singe ya Kiingereza ya muundo wa 1907 ina bapa la takribani sentimita 43. Karibu na mpini pamepigwa chapa ya taji, herufi za mfalme na 1907. Hapo ndipo wakusanyaji wageni huteleza: 1907 ni mwaka wa muundo, si wa kutengenezwa. Mwezi na mwaka wa kukaguliwa umeandikwa chini yake kwa tarakimu ndogo. Ukiona RFI, basi ilifuliwa Ishapore, India. Kwa zile za Kijerumani, tazama mgongo wa bapa: nyingi zina taji, herufi W ya Wilhelm na tarakimu mbili za mwaka.

Neno nalo lina chapa yake. Bunduki na risasi tulizipata kwa Waarabu. Singe limetoka katika Kihindi, sangin, ambacho nacho kililichukua kutoka Kiajemi. Na ni askari wa India waliopigana kwa wingi mpakani hapa. Huko Jasini, karibu na Vanga, tarehe 18 na 19 Januari 1915, waliishiwa na risasi wakasalimu amri kwa Lettow-Vorbeck.

Lakini vita hivyo vilibebwa mabegani na wapagazi, ambao kumbukumbu yao imebaki katika jina Kariakor, Nairobi. Singe moja ina mwezi na mwaka wake. Maelfu ya wapagazi walikufa bila hata jiwe lenye jina. Mahali singe ilipookotwa huenda ndipo walipopita au walipolala hao wasioandikwa.

Kwa hivyo, usiipige msasa ing'ae, wala usimuuzie mpita njia kule Diani. Msasa hufuta chapa, na mnunuzi huondoka na chuma bila mahali pake. Andika ilipookotwa na siku yenyewe, kisha uwaarifu watu wa Makumbusho, Fort Jesus.